Banange, Hilo Kaveera la Nyuma Mpaka Lini?

Ntsss! Wenzangu, hebu niambieni: yuko mtu anayeishi Kampala hii ambaye hajawahi kukwama kwenye foleni ya Wandegeya nyuma ya gari lenye kaveera, mfuko wa plastiki, mahali pa kioo cha nyuma? Gari lenyewe la maana, limeoshwa, limepigwa polishi, dereva kavaa suti na tai. Sasa tazama mgongoni. Kaveera jeusi la takataka limebandikwa kwa ule utepe wa kahawia wa kufungia maboksi, upepo unalipiga pwaa, pwaa, pwaa, mpaka abiria wa basi dogo la pembeni, kamunye, wanageuza shingo. Muulize mwenyewe. Atakujibu bila haya, "Aah, ssebo, ni ya siku mbili tatu tu, nasubiri mwezi uishe." Mwezi upi, jamani? Mvua za Machi zimekuja zimekwenda, za Septemba zinapiga hodi, utepe umebandikwa juu ya utepe, na kaveera jeusi limeshapata msaidizi wa buluu. Mwezi hauishi!

Na hilo kaveera lenyewe ni haramu! Ni miaka mingi tangu serikali ipige marufuku yale mepesi, yaliyo chini ya maikroni 30. Miaka yote hiyo limeendelea kuziba mitaro yetu, na sasa sisi wenyewe tumeliajiri kuwa kioo cha gari. Lahaula! Mnakumbuka Aprili 2023, yule mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipowaita watu wapige picha mashimo ya barabara za mji huu wayaoneshe mtandaoni? Nchi nzima ilishika kichwa, mpaka Rais akaagiza fedha zitolewe mashimo yazibwe. Mimi nilitamani iletwe awamu ya pili, maonyesho ya migongo ya magari yetu. Hapo lakini hakuna wa kulaumiwa ikulu wala halmashauri ya jiji. Hapo ni sisi na buti zetu.

Maana vioo hivi vinavunjikaje? Wezi wapo, hilo hakuna anayebisha. Mawe yanayorushwa na mashine za kukatia nyasi yapo. Vijana na mpira wao wapo. Ila msinifiche, nami siwafichi: matoke yamevunja vioo vingi katika nchi hii. Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mtu wa heshima zake, alikwenda kwenye mazishi upande wa Masaka. Kurudi, nani arudi kutoka kijijini mikono mitupu? Akapewa mikungu ya matoke, kuku, na gunia la mkaa juu yake. Vyote vikaingizwa nyuma ya gari lake, Toyota Wish, kwa shida, kwa kusukumana. Mpwa wake, kijana ana misuli ya kutosha timu nzima, akashika mlango wa buti. Haufungi. Kikonyo cha mkungu kimechomoza, kimeegemea kioo pembeni kabisa. Mtu mwenye subira angeushusha mkungu mmoja akaupanga upya. Kijana akarudi hatua nyuma, akavuta pumzi, akaubamiza mlango kwa mikono miwili.

PAAA!

Hata kuku walinyamaza. Kioo chote kimekuwa punje, zimejaa kwenye matoke, kwenye manyoya ya kuku, kwenye kiti cha mtoto. Mama akakaa kwenye nyasi, akashika shavu, akasema, "Owange." Hakuongeza neno mpaka Lukaya. Na kijana, mnajua alisema nini? "Shangazi, hiki kioo kilikuwa kibovu tangu zamani." Ntsss! Wanaume sisi.

Hakikuwa kibovu. Kioo cha nyuma kimeumbwa tofauti na cha mbele, na laiti tungelijua hili, nusu ya ujinga wetu ingepungua. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa jiwe kinapata nyufa lakini kinabaki kimeshikana. Cha nyuma ni kimoja, kimepashwa moto kiwandani kupita nyuzi 600, kisha kikapulizwa hewa baridi ghafla. Nje kikakaza, ndani kikabaki kinavutana. Ndiyo maana katikati yake unaweza kupiga ngumi ukaumia wewe. Ukingoni sasa ndiko roho yake iliko. Kikichubuliwa pale kidogo tu, ule mvutano wote unafunguka kwa mpigo, na kioo kizima kinamwagika punje ndogo butu. Kimefanywa hivyo makusudi, kisije kikamchinja mtu aliyekaa nyuma. Kijana wa watu akakipiga palepale roho ilipo, kwa kikonyo cha matoke!

Sasa njooni kwa huyu fundi. Mnamjua. Yuko kila mtaa. Ukimfikishia gari, analizunguka mara moja, anapima kwa kiganja, anasema, "Mzee, usihangaike, kioo hiki nakukatia mimi." Unakata nini wewe? Kioo kilichopikwa namna ile hakikatwi! Ukishakigusa na kisu cha almasi kinalipuka chote mkononi mwako. Kwa hiyo anachokwenda kukata ni kioo cha dirisha la nyumba, kile kinachovunjika mapande marefu yenye ncha, akibandike kisogoni mwa watoto wako. Au anakata plastiki ngumu, anaitoboa, anaikaza kwa skurubu za mbao kwenye mwili wa gari. Nimeyaona magari hayo kwa macho yangu. Baada ya msimu mmoja wa jua plastiki imekuwa njano, ina mikwaruzo, na dereva anageuka kuangalia nyuma haoni hata lori. Skurubu zimeota kutu, na kutu imeanza kula bati. Umeokoa shilingi, umepoteza gari. Halafu tunashangaa!

Kioo cha kweli utakipata wapi basi? Gari zetu hizi nyingi zimetoka Japani, zimeteremshwa Mombasa, zimetembea zaidi ya kilomita 1,100 kuja huku, na nyingi zimefika zikiwa na umri wa kwenda shule ya upili. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza yaliyopita miaka 15, lakini yale ya zamani yapo, yanadunda. Basi kioo cha gari la hivyo unakipata kwa ndugu yake aliyekufa: gari la aina ileile lililokatwa likaja kwenye kontena kama vipuri, au lililopata ajali mbele, nyuma likabaki zima. Ndiyo kazi ya wauza vipuri wa Kisekka na Ndeeba. Kisekka ile ya mabanda, iliyokuwa haipitiki kwa vyuma na grisi, ilivunjwa kupisha jengo la ghorofa, na wauzaji wengi wakatawanyika mitaa ya jirani. Ujuzi wao haukuvunjwa. Mfanyabiashara mzuri wa pale hakuulizi una gari gani tu. Atakuuliza namba ya chesisi, atakuuliza mwaka, kama kioo kilikuwa na waipa, kama kina nyuzi za hita, kama taa ya breki ya katikati imekaa juu yake. Akikuuliza hivyo, kaa chini, umefika. Yule anayesema "zote ni sawa, leta pesa" mpite.

Baada ya kununua sasa, tazama ujasiri wetu. Mtu amelipa fedha nzuri, kioo kizima anacho, halafu anaona nauli ya special hire, teksi ya kukodi, ni ghali. Anaita bodaboda! Anakaa nyuma, kioo kakikumbatia wima, ukingo wenye roho umekalia paja, wapenya hao katikati ya makamunye pale Clock Tower. Dereva wa boda haoni kushoto, abiria haoni mbele, upepo ukivuma kioo kinataka kuwa tanga la jahazi. Kila mtu njiani anapiga kelele, "Mpole mpole!" Nani atakuwa mpole Kampala saa kumi na moja jioni? Ukimkuta mtu wa hivyo amesimama kando ya barabara anatazama punje miguuni pake, mpe pole, lakini naomba umwulize nauli ya special hire ilikuwa kiasi gani.

Kuna jambo lingine, na hili naomba tulisemee chini chini. Mnajua mji huu tunachora namba za gari kwenye vioo vya madirisha na kwenye vioo vya pembeni, kwa sababu ya wezi. Sasa unaletewa kioo cha bei ya kutupa. Kizuri. Kimefutwa kwa kitambaa. Pitisha kidole kwenye kona ya chini. Unagusa pamekwaruzwa. Ukiinamisha kioo kwenye mwanga unaiona herufi U, halafu B, halafu mikwaruzo ya msasa. Ndugu yangu, hicho kioo kina mwenyewe! Yuko mahali fulani mjini humu, naye kabandika kaveera, naye anasubiri mwezi uishe. Ukikinunua umemlipa mwizi wake, na kesho mwizi huyohuyo anakuja kwako kwa sababu amejua soko lipo. Tunakaa kijiweni tunalaani wezi mpaka koo zinakauka, kisha tunakwenda kuwa wateja wao. Kununua mali unayojua ni ya wizi ni kosa la jinai, na hata isingekuwa kosa, ni aibu. Risiti, jamani. Dai risiti.

Haya, kioo kimepatikana kwa halali, kimefika salama, fundi wa kweli amekuja. Magari ya siku hizi kioo kinabandikwa kwa gundi yake maalumu, nyeusi, nzito, inayokauka ikabaki na unyumbufu. Silikoni ya kuzibia masinki haiwezi kazi hiyo, hata fundi akuapie kwa jina la mamaye. Fundi hodari utamjua kwa mikono: anaondoa punje zote mpaka ndani ya milango, anaparaza gundi ya zamani ibaki tabaka jembamba, anafuta, anapaka dawa ya kushikia, anasubiri, ndipo anapitisha gundi mpya mstari mmoja usiokatika. Kisha anasema neno moja ambalo Waganda na wasio Waganda wote hatulipendi: ngoja.

Ngoja! Bwana mmoja hapa stage kwetu aliambiwa aliache gari mpaka kesho yake, na akitaka kufunga milango aache dirisha moja wazi kidogo. Maana mlango ukibamizwa huku madirisha yote yamefungwa, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea, na pale penye gundi mbichi ndipo panaposukumwa. Akaitikia, "Sawa, sawa, fundi." Fundi akageuka kunawa mikono. Bwana akaingia, akapandisha vioo vyote, akawasha kiyoyozi, akaubamiza mlango kwa furaha ya kuwa na gari zima. Kioo kikasogea. Akaondoka nacho hivyohivyo, matuta mawili, shimo moja, na kikateremka taratibu mpaka barabarani mbele ya macho ya watoto wa shule. Alirudi kugombana na fundi! Akataka na kampuni ya bima ilipe, naye ana ile thadi pati tu, bima ya yule utakayemgonga, haina habari na kioo chako. Tulimwacha aseme mpaka achoke.

Waya za hita na za redio sizisemi sana, ila mkumbushe fundi azirudishe. Kwenye baadhi ya magari antena imepita humohumo kwenye kioo, kisha mtu analalamika kituo cha CBS hakishiki, anadhani redio imekufa.

Lakini kuna hili, nami hapa sicheki. Gari linapokwenda, nyuma yake hewa inazunguka na kuvuta moshi wa eksozi. Kioo kikiwa hakipo, au kaveera limeachia kona, moshi ule unaingia ndani. Ndani yake mna kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na inamwingia mtu kwenye damu mahali pa oksijeni. Nani wanakaa kiti cha nyuma? Watoto. Asubuhi unawapeleka shule, saa nzima ya foleni kutoka Kireka, mmoja anasema kichwa kinauma, mwingine anasinzia, nawe unamwambia jana usiku alichelewa kulala. Nimewaona watoto hao wakishushwa getini macho mazito, na baba anawapungia mkono huku kaveera linapiga pwaa, pwaa. Nimemfuata baba mmoja nikamwambia ana kwa ana. Alinishukuru. Wiki iliyofuata kaveera lilikuwepo bado, ila limeongezwa utepe.

Ee wenzangu. Pesa ya suti ipo, pesa ya polishi ipo, pesa ya mchango wa harusi ya rafiki wa rafiki ipo, ya kioo ndiyo inasubiri mwezi. Basi kama gari lako lina kaveera leo, nakuomba kama ndugu: mpaka kioo kipatikane, watoto wasipande humo. Waweke kwenye kamunye, waombee lifti kwa jirani. Nawe Jumamosi hii chukua namba ya chesisi, nenda Kisekka au Ndeeba mapema kabla ya jua kali, uliza, pitisha kidole kwenye kona, dai risiti, panda special hire. Na fundi akikwambia ngoja mpaka kesho, ngoja.