Jinsi ya Kumkinga Kijana Wako na Mazoezi

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 autoe mwili jasho kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Utafiti wa wataalamu wake uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa vijana 81 katika kila 100, wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiwango hicho. Mzazi mwenzangu, hao 81 hawakupatikana hivihivi. Ukitaka na wako asitoke kundini, fuata hatua hizi.

Kwanza, mazoezi yawe adhabu. Shule imeshakuanzia kazi: aliyechelewa namba anaruka kichura, aliyepiga kelele anapiga pushapu. Wewe malizia nyumbani. Akivunja glasi, mzungushe uwanja. Akifika kidato cha tatu, magoti yake yatakuwa yanajua kwamba kuchuchumaa ni kukiri kosa.

Pili, mwamshe Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Katika rika lake usingizi huchelewa kuja kimaumbile, kwa hiyo saa hiyo ni dhahabu. Vuta shuka, washa taa, tamka: "Amka tukakimbie, kitambi gani hicho umri huu!" Mkikutana na jirani njiani, simama umtajie uzito wa mtoto, kwa kilo.

Tatu, akipenda mchezo, muwahi. Binti anacheza rede na wenzake mpaka magharibi? Mwite aoshe vyombo. Kijana yuko kwenye chandimu? Mkumbushe kuwa mpira haulipi ada. Kisha mlipie jimu ya mwaka mzima, akanyanyue vyuma katikati ya watu wazima asiowajua.

Nne, mlazimishe kutulia. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu ya kutuliza akili. Mtu hufuatilia pumzi yake. Mawazo yakitangatanga, huyarudisha bila kujikaripia. Hapo pa kutokaripia paruke. Mkalishe sebuleni, shika simu uhesabu dakika, na kila akijikuna mfokee: "Tulia! Vuta pumzi vizuri! Unawaza nini?" Nchini Uingereza, jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, ambalo matokeo yake yalitoka 2022, lilionyesha kuwa masomo ya namna hiyo darasani hayakuwafaa kuliko ratiba ya kawaida, na wengi hawakuyafanyia mazoezi nyumbani. Na hao hawakufokewa. Wewe utafika mbali zaidi.

Angalizo. Yapo mambo yatakayokuharibia mpango. Usimwache ajichagulie mchezo. Usimruhusu aende na rafiki zake. Usimwambie kwamba siku hizi anakimbia vizuri kuliko mwezi uliopita. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walishaeleza kuwa hamu ya kweli hukua mtu anapojiamulia, anapojiona anaweza na anapokuwa na watu wake. Ukimpa hayo matatu, umekwisha.

Hatari kuliko zote, asije akakaa pembeni ya uwanja baada ya mechi, hakuna anayemsemesha, akasikia moyo unavyodunda na pumzi inavyorudi, akagundua mwenyewe kwamba mwili umechoka lakini kichwa ni chepesi. Akishalijua hilo, hakuna kufoka kutakakomrudisha kwenye kochi, na kitambi kitakachobaki humo ndani kitakuwa chako.