Ramani Kuukuu na Mali ya Mjerumani

Mtu akitaka kujua majirani zake wanamdhania nini, na achukue ramani kuukuu, aikunjue hadharani penye njia panda, kisha aulize kwa sauti ya upole, "Je, reli ya Mjerumani ilipita wapi?" Kabla hajaikunja tena atakuwa amekwisha kuwa tajiri mkubwa katika fikira za watu, tena tajiri mwenye choyo, kwa kuwa utajiri wenyewe anaukana.

Haya yalinifika katika nchi ya Bonde, bara ya mji wa Tanga, nilipojitia kufuata njia ya garimoshi dogo lililokuwa likitoka Tengeni, karibu na Muheza, kwenda Sigi, chini ya milima ya Amani, likishusha magogo ya msitu wa Usambara hadi kwenye reli kuu. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 23 hivi, na reli zake zimeng'olewa zamani. Lakini katika ramani ya Kijerumani ya kipimo cha 1:300,000, ambamo kila sentimita moja ni kilomita tatu, safari yote haifiki sentimita nane, urefu ambao hata mgonjwa angeuthubutu. Ramani ya Waingereza ya 1:50,000, iliyotokana na picha zilizopigwa kwa ndege, ina insafu zaidi, maana mistari yake ya miinuko husongamana kila penye mlima, ikimwonya mapema mwenye pumzi haba. Nikazichukua zote mbili, pamoja na mkongojo wenye ncha ya chuma wa kuchokolea udongo, na mkongojo huo ndio uliotoa ushahidi dhidi yangu.

Kwani mtu aliyeshika ramani husamehewa, na mwenye mkongojo husamehewa. Bali mwenye vyote viwili, akichokoa tuta la ardhi huku akihesabu hatua zake, hana utetezi. Watoto walinifuata kwanza, kisha mama zao, na mwisho akaja bwana mmoja mwenye kofia ya ngozi ya mnyama, akanivuta faraghani na kuniarifu kwa taadhima kwamba mali aliyoizika Mjerumani inalindwa na jini, kwamba jini huyo anataka mbuzi mweusi asiye na doa, kwamba mbuzi wa namna hiyo yeye anaye, na kwamba ujira wake ni nusu ya kitakachopatikana, bei ya mbuzi ikitolewa kwanza.

Nilipokataa, bwana huyo akanifikisha mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nami nikatoa hoja ambayo hata kadhi angeikubali. Ni kweli, nilisema, kwamba Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo. Lakini walizipiga Tabora, mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, na mwezi Julai mwaka huo huo Tanga ikaingia mikononi mwa Waingereza. Sasa tembo huyo angepita wapi hata aje kuzikwa huku? Baraza likanyamaza kwa kitambo, nikadhani nimeshinda, mpaka sauti moja ya nyuma iliposema, "Mtu anayejua mwezi, atakosaje kujua shimo?"

Hapo ndipo alipoinuka mzee mmoja, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaazimia kunikatisha tamaa kwa faida yangu mwenyewe. "Mjukuu wangu," akasema, "hapa hapana dhahabu. Pale ulipokuwa ukichokoa ni kambi ya vibarua. Babu yangu alilala hapo miaka, akibeba mataruma begani, na lau pangekuwa na chochote angekichukua yeye kwanza. Kule bondeni palikuwa na daraja, na penye ule mwembe injini ilisimama ikanywa maji. Reli mnayoitafuta imebaki kipande kimoja, kinaning'inia shuleni, ndicho kengele." Mwingine akampinga kuhusu daraja, wa tatu akawapinga wote wawili, na kabla ya alasiri walikuwa wamenichorea njia nzima mavumbini, pamoja na kona mbili ambazo mpimaji wa Berlin hakuziona, kusudi tu wanithibitishie kwamba sina haja ya kurudi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuwahoji wazee kwa adabu kuhusu tarikhi, maana atakayeulizwa hivyo hujibu kwamba ni mambo ya zamani na kumkaribisha mgeni chai. Anayeitaka tarikhi ya mahali na aende na ramani yake, aape kwamba hatafuti dhahabu, nao watamweleza kila jiwe kwa jina lake na kila shimo kwa sababu yake. Na akipatwa na yule bwana wa kofia, amlipe bei ya mbuzi bila kubishana, kwani ndiye atakayempelekea mashahidi.