Mate ya Kumtafuta Babu

Ukitaka kuvunja kikao cha ukoo kabla pilau haijaiva, tamka neno DNA.

Mimi nilitamka kwa nia njema. Tulikuwa kwenye hitima, nikasimama nikasema nataka kupima vinasaba ili tujue kama babu yetu, Mzee Mhina, alizaliwa akiitwa Mhina. Sikumaliza. Mama mdogo akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni, na kwake ni kilomita 40. Binamu wawili wakaanza kutazamana pua. Baba mkubwa akagonga fimbo chini: “Juma, kaa! Kila mtoto wa ukoo huu ana baba, na ni huyo huyo aliyemkuta.”

Hapa kwetu DNA inajulikana kwa kazi moja tu: kumtoa mwanamume jasho. Nikajitetea kwamba sitafuti baba wa mtu, natafuta jina. Wakauliza kipimo chenyewe kikoje. Nikajibu kwamba mtu anatema mate kwenye kichupa. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Mate? Ya wazee? Yapelekwe wapi, kwa nani? Baba mkubwa ni mtu ambaye hata nywele zake kinyozi humfungia kwenye gazeti akazichome mwenyewe. Alifunga kikao kwa dua ndefu ya kinga.

Sasa nisikilizeni. Mzee Mhina alikuwa Mzigua asiye na ndugu hata mmoja Uziguani. Jina tunalo, kaburi la baba yake hatulijui. Alifanya kazi kwenye mkonge Muheza, na kila akihesabu mafungu ya majani alinong'ona: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Sisi wadogo tulidhani ni dua ya miiba.

Mkonge wenyewe ni mhamiaji. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 1,000, ikafika hai 62. Hiyo 62 ikazaa mashamba yaliyomeza watu kutoka kila upande. Wenyeji wengi hawakuwa na hamu ya kuchomwa miiba ya mtu, kwa hiyo wakaletwa manamba wa mkataba kutoka mbali, wengine tokea Ruanda-Urundi ya Wabelgiji. Manamba, yaani watu wa namba. Mtu anayeitwa kwa namba, nani atamkagua jina?

Mate yangu sikuyatuma nje. Tuna sheria ya vinasaba ya mwaka 2009 yenye taratibu zake, na tangu ile foleni ya kitambulisho nimeapa sitaomba tena kibali cha kitu ninachotembea nacho mdomoni. Nikamkumbuka mwanangu anayesoma Kanada. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, naye humpa mwanawe, karibu bila kuguswa, kama panga la ukoo. Aliyo nayo kijana ndiyo ya Mzee Mhina. Nilipomweleza mke wangu, akanijibu bila kuinua macho: “Majibu yakija mabaya, kaanze kuuliza kwenu.”

Yakaja. Kwanza ramani, na juu yake doa moja kubwa: Afrika Mashariki. Nimetoa fedha ya mbuzi wawili niambiwe natoka Afrika Mashariki, jambo ambalo hata konda wa daladala angeniambia bure.

Kisha orodha ya wanaolingana nasi. Wateja wengi wa vipimo hivi wana asili ya Ulaya, kwa hiyo orodha yetu ilikuwa na mtu mmoja, kama daftari la rambirambi la mtu mchoyo. Lakini mtu huyo! Katika alama 37 za Y, tumefanana naye 36. Kwao ni Burundi, na jina lake halina hata harufu ya Uzigua.

Nilishangilia kama dakika tano. Kisha akili ikanirudi. Damu imesema tuna babu mmoja kiumeni, basi. Haikusema kama Mrundi alijiita Mhina, au kama kuna Mhina wa kweli aliyelea mtoto wa jirani, yaani jambo lile lile lililomkimbiza mama mdogo kwenye maharage. Vinasaba havisomi majina.

Nikaenda kwa shangazi, binti pekee wa Mzee Mhina aliyebaki. Nilimkuta kibarazani akichambua mchicha. Nikamwamkia, nikamsomea alama 37. Akaendelea kuchambua.

“Mhina alikuwa Mzigua wa Handeni,” akasema. “Alichomwa miiba siku kumi na moja, akatoroka kwenda kwao. Kipande akamwachia baba yangu.”

Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ukiijaza ndiyo unalipwa. Babu, aliyevuka mpaka akikimbia kodi na kiboko cha Wabelgiji, akaipokea ikiwa na siku 11 zilizokwisha kufanyiwa kazi. Akamalizia 19, akalipwa 30. Jina lilikuja na nyongeza.

“Na la kwanza? La kwao?”

“Aliyekimbia kodi hataji jina.”

Nikamwambia, kwa hasira ya msomi, kwamba babu alikosea. Angalau angewaambia watoto. Mtu anawezaje kuishi maisha mazima kwa jina la mtu mwingine?

Shangazi akaweka ungo chini. “Juma mwanangu, uliporudia darasa la saba, ulirudia kwa jina la nani?”

Nikatazama mchicha.

Nilifeli mara ya kwanza, na kurudia hakukuruhusiwa. Kulikuwa na kijana wa kijiji cha pili aliyeacha shule akaenda kuvua Pangani. Jina lake lilibaki kwenye daftari la mwalimu bila mtu. Ndiyo maana kwenye vyeti, benki na pasipoti mimi ni Athumani. Na mwanangu, yule wa mate, ameandikishwa kwa jina lake, la baba na la babu. Matatu, na mawili ya kuazima.

Athumani mwenyewe yu hai, bado anauza samaki. Kila tukikutana sokoni hunishika mkono, akanitazama kwa huruma, akaniuliza: “Habari zangu?”