Sifa za Mubilizi, Mchungu Asiyeibiwa

Katika kibanja cha Mhaya kila mmea una cheo chake. Mgomba ndiye mwenye nyumba. Mbuni hulipa ada za shule. Mulamula kapewa uhakimu wa mipaka. Mubilizi hana cheo. Ukipita Izimbya, ukaendelea hadi Muleba, utamkuta kajibanza nyuma ya nyumba au kando ya njia: kichaka cha majani ya kijani kibichi na vichwa vidogo vya maua meupe, ukoo mmoja na alizeti, ila bila maringo ya alizeti. Hakuna anayempigia picha. Basi na apigiwe debe leo.

Sifa yake ya kwanza ni usalama. Vitamu vyote vya kibanjani vimeonja joto ya jiwe. Robusta ya Kagera ilipatwa na mnyauko fuzari, uliobainika mkoani mwaka 1997. Mwaka 2006 ikawa zamu ya migomba: mnyauko bakteria, ambao wakulima huuita unyanjano, ukagunduliwa Muleba, na watu wakalazimika kung'oa mashina waliyoachiwa na babu zao. Kahawa huibwa ikiwa bado mtini, mkungu hukatwa usiku. Lakini mwizi gani ataruka uzio kwenda kuiba uchungu?

Pili, hana makuu. Kata kijiti chake, kichomeke ardhini kiwe nguzo ya uzio, nacho kitachipua bila mbolea wala bwana shamba. Aliyetaka uzio hujikuta na msitu mdogo.

Tatu ni utabibu, na hapa ndipo watoto wa Kagera walipomjulia vizuri. Homa ikibisha hodi au tumbo likivuruga, bibi huchuma majani, huyafikicha ndani ya maji mpaka povu la kijani lipande, kisha huchuja. Kikombe kikionekana mlangoni, mgonjwa wa miaka saba hutangaza kwamba amepona. Asipoaminiwa, hushikwa pua. Ni dawa gani nyingine inayoponya kwa kutazamwa tu?

Wanaodhani hizo ni hadithi za bibi wasafiri kusini, hadi Milima ya Mahale, mkoani Kigoma. Huko, Novemba 1987, Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa Kitongwe aliyejua miti ya kwao, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mzito wa kutembea, hana hamu ya kula. Akakaa mbele ya kichaka cha mubilizi, akavunja tawi, akaondoa majani na gome, akatafuna kiini, akafyonza maji yake na kutema makapi. Siku iliyofuata alikuwa akitembea na kula kama kawaida. Walichapisha waliyoyaona mwaka 1989. Baadaye maabara zilionyesha kwamba majani na gome vina sumu nyingi zaidi kuliko kiini. Chausiku alijua kipi cha kuacha, na hakushikwa pua na mtu.

Hata hivyo tuzo zimekwenda kwa binamu. Artemisia, mmea wa Kichina wa familia hiyohiyo, ndiyo iliyozaa dawa mseto ya malaria, na mwaka 2015 Tu Youyou akatunukiwa Nobel kwa kuivumbua artemisinini. Zahanati hutoa mseto, na mwenye homa aanze kwa kupima. Mubilizi hajanung'unika, amebaki ugani na wateja wake wa zamani.

Nje ya Kagera anaheshimika kuliko kwao. Waethiopia husugulia majani yake vyombo vya pombe ya kienyeji. Wanigeria wamekwenda mbali zaidi: huyaosha na kuyakamua, maji baada ya maji, mpaka makali yapungue, kisha huyapika mchuzi mzito ambao Waigbo huuandalia wageni. Huo mchuzi haujafika Izimbya. Ndizi na maharage zinaendelea kuiva bila yeye, na mgombea wetu hajakata rufaa.