Heko, Kufuli la Begi

Watu husifia kufuli la geti, lile zito linalomchosha mwizi na msumeno wake mpaka alfajiri. Mimi sioni ajabu yake. Chuma kinene kikimzuia mwizi, kimefanya nini cha kushangaza? Sifa zangu nalipa kufuli la begi, lile dogo la kuning'inia kwenye zipu, linalopangwa na machinga wa Kariakoo baina ya nelkata na vijiti vya masikio, lenye funguo mbili nyembamba ambazo ukizikalia zinapinda. Hilo limepewa kazi ambayo haliiwezi, na halijawahi kuomba uhamisho.

Tazama linavyotuliza ukoo mzima. Siku ya safari begi liko sebuleni, limeshaning'inizwa kwenye mzani tena na tena lisije likazidi kilo 23. Ndani mna vitenge, dagaa, pilipili ya kusaga na kanga za zawadi kwa watu wa Maskati. Shangazi anauliza, "Umefunga?" "Nimefunga, shangazi." "Ufunguo?" "Uko kwenye pochi." "Haya, Mungu akutangulie." Hapo kila mtu anashusha pumzi. Hakuna kampuni ya bima inayouza utulivu wa namna hiyo kwa bei ya sahani ya chipsi mayai.

Kisha lina ushujaa. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi tunalituma kufuli mbali kuliko fimbo yoyote. Begi likishaangukia kwenye mkanda nyuma ya kaunta, mwenyewe halioni tena. Litapita kwenye eksirei, litapangwa kwenye mikokoteni, litarushwa ndani ya tumbo la ndege, na kama kuna kubadilisha ndege Addis Ababa au Doha, litashushwa na kupakiwa upya na mikono mingine kabisa. Muda wote huo kufuli liko peke yake. Halina silaha, halina redio ya upepo, halina hata mwenzake wa kupokezana zamu.

Sifa yake kuu lakini ni uthabiti. Mwizi wa mizigo anayeijua kazi yake hahangaiki nalo. Huchukua kalamu ya kawaida ya wino, akakandamiza ncha katikati ya meno ya zipu, na zipu ikaachana. Huingiza mkono, huchagua, hutoa. Akimaliza, hukamata vile vishikizo viwili, kufuli likiwa bado limeviunganisha, akaviburuta toka upande huu hadi ule, na meno yakaumana upya. Begi linafika, kufuli linang'aa, halina hata mkwaruzo. Niambieni, ni askari gani mwingine ambaye ghala limekombwa nyuma yake naye akabaki amesimama wima mlangoni, sare imenyooka? Wenye wivu husema bora kununua sanduku gumu lisilo na zipu, lile linalobanwa kwa klampu. Hao hawana huruma. Wanataka mwizi wa watu atembee na nyundo.

Lile la namba nalo lina fahari yake. Vigurudumu vitatu, kila kimoja na tarakimu kumi, vinatoa michanganyiko 1,000. Mtu akitumia sekunde mbili kwa kila mmoja, atahitaji zaidi ya nusu saa kuimaliza yote. Wengi wetu tumempunguzia adha hiyo kwa kuliacha kwenye 000, jinsi lilivyotoka dukani.

Wala si kufuli lenye choyo. Baada ya mashambulizi ya 2001, Marekani ilianza kukagua mabegi yote yanayopakiwa kwenye ndege, na mwaka 2003 ukazaliwa ukoo wa makufuli yenye alama ya almasi nyekundu, yanayokubali funguo za wakaguzi wa TSA, mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, ili wasilazimike kuyakata. Funguo hizo mama zilikuwa saba, TSA001 hadi TSA007. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post likachapisha picha yake. Mwaka uliofuata picha hiyo ilizagaa mtandaoni, na watu wakachora vielelezo vya kuzifyatua nyumbani kwa printa za 3D. Mamlaka haikutaharuki. Ilijibu kwamba makufuli hayo ni ya kumpa abiria amani ya moyo, si sehemu ya ulinzi wa anga. Ni nadra serikali kusema ukweli mwingi hivyo kwa maneno machache.

Na mahasimu wake je? Nailoni ya kuzungushia begi uwanja wa ndege inalipiwa, halafu mkaguzi akitaka kuona ndani, anaichana. Mbaya zaidi ni ile kamba ya plastiki ya mafundi umeme, inayofungwa mara moja na haifunguki mpaka ikatwe. Hiyo ni mmbea. Begi likichokonolewa, unaikuta imekatwa, na umeshajua kila kitu ukiwa bado kwenye ukumbi wa mizigo. Siku yako imeharibika: uende dawati la mizigo, uandikishe ripoti kabla hujatoka, utafute kile kibandiko cha namba ulichopewa kaunta. Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tu kulalamika kwa maandishi kuhusu begi lililoharibika, na siku 21 kwa lililochelewa. Fidia yenyewe ina kikomo, ambacho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban dola 2,000 za Marekani. Na kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari, utaulizwa orodha na risiti, au angalau picha ulizopiga kabla hujafunga. Kufuli linakuepusha na usumbufu wote huo. Linaitunza siri ya mwizi mpaka ufike nyumbani, ufungue begi mbele ya wageni wanaosubiri zawadi.

Zaidi ya yote, limetufunza adabu ya safari. Kwa kuwa aliyewahi kuibiwa anajua uwezo wa kufuli, dhahabu ya harusi, fedha taslimu, pasipoti, dawa za presha na kompyuta huziweka kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki ndiyo hairuhusiwi kabisa kwenye begi la chini, kwa hofu ya moto wa betri za lithiamu. Linalobaki kwa kufuli ni viatu, vitenge na dagaa, na hapo linaiweza kazi barabara. Linazuia zipu isijiachie begi linaporushwa. Linamkatisha tamaa mwenye mkono mwepesi asiye na kalamu. Vile ambavyo hakuna aliyevitamani, linavifikisha vyote salama. Basi lifungeni kwa mbwembwe, watu wote wakiona, na ufunguo muutie mfukoni. Bangili mzivae.