Bilionea Asiye na Mjomba

Hebu tuulizane, jamani. Kwenye hizi riwaya za mapenzi za siku hizi, mjomba wa bwana harusi yuko wapi? Chukua Fifty Shades of Grey ya E L James, ya mwaka 2011. Christian Grey ana miaka 27, ni bilionea, anarusha helikopta mwenyewe, na usiku akikosa usingizi anapiga piano. Grey angalau kapewa wazazi wa kumlea na ndugu wawili, ila hakuna anayemwomba hela. Waliomfuata ndio kabisa! Vijana matajiri wametapakaa vitabuni, hawana binamu aliyefukuzwa shule kwa ada wala shangazi aliyekuja "siku mbili tu" na mwezi umeisha bado yupo. Hata simu ya kwamba msiba uko Korogwe haijawahi kuwapata. Mfyuu!

Pale kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, riwaya ya mapenzi kwake ni upuuzi mtupu. "Toka ukurasa wa kwanza unajua wataoana," anasema, "sasa unasoma nini?" Mzee wangu, harusi nayo unajua itaishia kwenye pilau, mbona hukosi hata moja? Mwisho mwema ndio makubaliano yenyewe. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na imekula kwa makubaliano hayo zaidi ya miaka 100. Msomaji katoa hela yake, hataki kuviziwa ukurasa wa mwisho akakabidhiwa jeneza.

Kwa hiyo mwisho mwema mimi siupingi. Ninachokisonyea ni namna wanavyofika huko. Binti amelewa baa, kampigia Grey simu. Jamaa anaifuatilia ile simu mpaka anajua baa yenyewe, mara huyo katokea mlangoni. Kitabu cha pili ananunua kampuni anayofanyia kazi binti. Ananunua kampuni! Na sisi wasomaji tunatakiwa tushike vifua kwa raha. Sasa mnyang'anye huyo bwana helikopta, mvue suti, mpe bodaboda ya mkataba na chumba kimoja Manzese, halafu aifuatilie simu ya mwanamke mpaka baa. Hapo hakuna wa kushika kifua. Anaitwa mjumbe, na asipoelewa, wanakwenda wote polisi, Dawati la Jinsia. Tabia ni ileile, tofauti ni salio la benki.

Na wala tabia hiyo haikuanzia hapo. Fifty Shades of Grey ilianza kama hadithi ya shabiki wa Twilight, na kwenye Twilight ya Stephenie Meyer, ya mwaka 2005, kijana anaingia chumbani kwa binti usiku na kumtazama akilala, mwenyewe hana habari. Dada mmoja wa saluni akaitetea: "Lakini yule si ni vampaya?" Haya, dada yangu. Vampaya asiye na adabu.

Mbona matajiri wa zamani waliweza? Darcy wa Jane Austen, mwaka 1813, alikuwa na hela na majivuno juu. Alipomposa Elizabeth, akakataliwa usoni. Bwana akaandika barua moja, akamkabidhi, akaondoka zake. Baadaye mdogo wake Elizabeth alipotoroshwa, Darcy ndiye aliyelipa madeni ya yule mtoroshaji, na akataka isijulikane. Huyo akija kijiweni, kahawa yake nalipa mimi.

Msije mkasema nachukia vya leo vyote. Colleen Hoover aliandika It Ends with Us mwaka 2016. Lily ana duka la maua Boston, kaolewa na Ryle, daktari wa upasuaji wa ubongo, mzuri wa sura, mcheshi, na anampiga. Hoover amesema kaichota kwenye maisha ya mama yake. Ujanja wa kitabu ni kwamba Ryle unampenda kwanza. Unamtetea kabisa, vile ambavyo tunawatetea mashemeji zetu: amechoka, kazi nyingi, hatarudia. Ukija kushtuka, umeshamsamehe mara ngapi? Lily anamwomba talaka mtoto wao akiwa ndiyo kwanza kazaliwa, na mimi nikampigia makofi peke yangu kitandani. Halafu mwaka 2023 si wakatangaza kitabu cha kupaka rangi kilichotokana na riwaya hiyohiyo! Kitabu cha kupaka rangi, cha mwanamke anayepigwa na mumewe! Wasomaji wakapiga kelele, kikafutwa. Wasomaji wana akili kuliko wauzaji, hilo siku zote nalisema.

Ninacho hapa Mills & Boon cha mitumba, cha wale wanaotandaza turubai pembeni ya barabara. Jalada limeshikwa kwa selotepu. Kuna ukurasa bwana anamkamata binti mkono kwa nguvu, eti mapenzi yamemzidi, na msomaji aliyenitangulia kaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "Kimbia dada." Chini yake, mwandiko mwingine, kwa penseli: "Kakimbia?"

Na sisi huku tumeiga yaleyale. Simulizi za WhatsApp, unatuma buku unapewa sehemu inayofuata. Bosi wa Masaki, gari jeusi, vioo vya giza. Sehemu ya 3 anamzaba hausigeli kibao, sehemu ya 47 anamuoa, na chini watu wanaandika "Mungu nipe kama huyu". Kama huyu wa kibao?

Wakati Shafi Adam Shafi alishatuonyesha njia kwenye Vuta N'kuvute, mwaka 1999. Yasmin kaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa umri wa kumzaa. Anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango. Penzi linalomkuta ni la Denge, ambaye mfukoni hana kitu na polisi wa mkoloni hawabanduki nyuma yake. Humo watu wana ukoo, na ukoo unauma. Na bado moyo unakudunda pale wanapokutana. Amil Shivji akaifanya filamu mwaka 2021, na helikopta haikuhitajika.

Kwa hiyo nyie wa simulizi za buku, tunawaomba. Mpeni bwana kazi, tumwone akiifanya. Mpeni ndugu wanaopiga simu saa mbaya. Na akikataliwa, aondoke. Mkifanya hivyo, buku tunatuma, hata mbili. Na wewe uliyeazima Vuta N'kuvute yangu ukasema utairudisha Ijumaa, Ijumaa zimepita nyingi. Irudishe.