Namna ya Kushindwa Mbele ya Intern

Daktari bingwa, unataka vijana wako wakuambie unapokosea? Wachezee rafu. Dakika 20 baada ya raundi ya asubuhi zinatosha.

1. Tega kosa. Mlaze mdoli kitandani, mwandalie faili. Juu ya faili andika kwa wino mwekundu: ana mzio wa penisilini. Kisha agiza kwa sauti yako ileile ya kila siku: "Ampisilini gramu moja, kwenye mshipa." Usikonyeze. Ukicheka tu, umeharibu mchezo.

2. Nyamaza, uwatazame. Intern atasoma faili, atakuangalia, atasoma tena. Atafungua mdomo. Halafu atashika stetoskopu shingoni na kuiweka sawa, ingawa ilikuwa sawa. Hapo ndipo mgonjwa wa kweli anapotuponyoka. Usimsaidie. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo.

3. Akishindwa kusema, mpe maneno, mrudie mchezo. Ngazi ni tatu. "Dokta, nina wasiwasi." Usiposikia: "Dokta, siridhiki na hili." Ukiendelea: "Tusimame, hili linahusu usalama wa mgonjwa." Shikamoo yake ya asubuhi iko palepale, hajakuvunjia heshima. Hata nesi mwanafunzi apande ngazi zote tatu.

4. Ukikamatwa, shukuru mbele ya wote: "Asante, umeniokoa." Najua inauma. Una jina, una miaka yako kazini. Ndiyo maana tunaanza na mdoli. Lakini kumbuka uwanja wa ndege wa Tenerife, mwaka 1977: ndege ikianza kuruka, mhandisi wake aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mwalimu wa marubani, akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

5. Sasa ingieni thieta. Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji ina vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo Ifakara, na matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimoja kinataka kila mtu ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Wengi hukiruka kwa haraka. Wewe usikiruke, na anza na intern: aliyekwisha kutoa sauti mara moja chumbani humo, ya pili haimlemei sana.

Mdoli upo, faili lipo. Kesho baada ya raundi, kosea.